Kadi ya Kuchomoza Imegoma: Soma Alama Zake Kabla ya Kuongeza Gundi

Mtu akiniletea kadi iliyoharibika, neno lake la kwanza huwa ni "gundi hii mbovu." Mara chache sana gundi ndiyo mkosaji. Kadi ya kuchomoza, ile ambayo ukiifungua moyo au keki au msikiti unainuka katikati, ni mashine ndogo ya karatasi. Inagoma pale karatasi inapolazimishwa kwenda isikotaka, na mahali hapo huacha alama: mkunjo ambao hukuupiga wewe, kona iliyovimba, ukingo uliobanduka upande mmoja tu.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza hata tone la gundi, simama karibu na dirisha, ifunge kadi polepole hadi nusu, kisha chungulia kutoka pembeni. Funga kidogo tena, chungulia tena. Pale karatasi inapoanza kubisha ndipo penye kosa, au penye jirani wa kosa. Nimeokoa kadi nyingi kwa macho tu kuliko kwa tepu.

Maneno tutakayotumia hapa ni machache. Mgongo ni ule mkunjo mkuu unaoigawa kadi mara mbili. Ukurasa unaolala mezani nauita sakafu, na unaosimama nyuma nauita ukuta, maana kadi ya sanduku hutazamwa ikiwa imefunguliwa kama kona ya chumba. Mguu ni ukingo mwembamba wa pambo unaopakwa gundi. Mfuo ni mstari unaokwaruzwa kwenye karatasi nene kabla ya kuikunja. Mimi hutumia kalamu ya bic iliyokwisha wino na rula ya chuma. Vipimo vyote ni vya kadi ya kawaida: karatasi ya A5 iliyokunjwa kuwa A6, yaani kila ukurasa una upana wa milimita 105 na mgongo una urefu wa milimita 148.

Kadi haifungi ikalala bapa

Hili ndilo tatizo kuu. Unafunga, kadi inabaki mdomo wazi kama mamba, na ukiibana kwa nguvu unasikia karatasi inalia.

Tuanze na pambo la sanduku: ukanda wa karatasi wenye uso wa mbele na paa, mguu mmoja ukiwa sakafuni na mwingine ukutani. Chukua rula upime vitu vinne: umbali kutoka mgongoni hadi mguu wa sakafuni, urefu wa uso, umbali kutoka mgongoni hadi mguu wa ukutani, na kina cha paa. Umbali wa sakafuni ukijumlishwa na uso ni lazima ulingane na umbali wa ukutani ukijumlishwa na paa. Tuseme mguu wa sakafuni uko milimita 30 kutoka mgongoni, uso una 40, paa lina 30, lakini mguu wa ukutani uliubandika kwenye 37 badala ya 40. Upande mmoja una 70, mwingine una 67. Milimita 3 hizo hazina pa kwenda, na ndizo zinazovimba na kuunda ule mkunjo wa ajabu katikati ya paa. Ukiona mkunjo usio wako kwenye paa au kwenye uso, usihangaike na kitu kingine. Pima.

Dawa si kubana. Bandua mguu mmoja tu, ule wa ukutani, kwa kupitisha wembe taratibu chini yake. Paka gundi upya kwenye mguu huo, laza pambo bapa kuelekea upande linapolala kadi ikifungwa, kisha funga kadi juu yake na uibonyeze. Mguu utajitafutia mahali pake wenyewe. Mbinu hii ya kuifunga kadi ili pambo lijigundishe naithamini kuliko rula, na inafaa kwa karibu kila aina ya pambo: bandika mguu wa kwanza kwa kipimo, wa pili uachie kadi ichague. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nikipima miguu yote miwili kwa penseli kwa makini ya fundi saa, na bado kadi moja katika kila tano ilikuwa inakataa. Penseli yenyewe ina unene, mkono una mtetemo, na karatasi nene, ile ya gramu 250 kwa mita mraba, inakula sehemu ya milimita kila inapokunjwa.

Kama vipimo viko sawa na kadi bado haifungi, angalia kama mistari ya mikunjo iko sambamba na mgongo. Sanduku lililokaa mshazari kidogo, hata kwa nyuzi 2, litafunga upande mmoja na kuvimba upande wa pili. Hili huonekana haraka: uwazi wa mdomo wa kadi hauwi sawa, kona moja imekaa juu kuliko nyenzake.

Halafu kuna wale wanaokata pambo kwenye karatasi yenyewe bila gundi. Unapiga mikato miwili inayovuka mgongo, unasukuma kilichobaki katikati kije mbele, basi sanduku limepatikana. Masahiro Chatani, msanifu majengo wa Japani, aliukuza mtindo huu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi akajenga majumba mazima kwa karatasi moja. Uzuri wake ni kwamba sanduku si rahisi kukosea kipimo, maana limetoka kwenye karatasi ileile. Kwa hiyo kadi ya namna hii isipofunga, tatizo karibu kila mara liko kwenye koti, ile karatasi ya nje inayoziba tundu. Ama gundi ya koti imegusa nyuma ya pambo na kulikamata, ama migongo miwili haikukaa pamoja. Paka gundi ukurasa mmoja tu, bandika ukiacha milimita 1 kutoka mgongoni, acha ikauke. Kisha paka ukurasa wa pili na ufunge kadi. Usijaribu kubandika kurasa zote mbili kadi ikiwa imefunguliwa mezani. Koti liko nje ya mkunjo na linahitaji urefu zaidi kidogo kuzunguka mgongo. Ukilibandika likiwa bapa, halitakuwa na urefu huo.

Pambo linachungulia nje kadi ikifungwa

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa pambo lililobandikwa kwenye uso wa sanduku, chukua umbali wa uso kutoka mgongoni, jumlisha na urefu wote wa pambo kutoka sakafuni. Jibu lisizidi 100 kwenye ukurasa wa 105. Milimita 5 zilizobaki ni za usalama. Uso uko 30 kutoka mgongoni? Basi moyo wako usizidi 70 kwenda juu. Wengi hukadiria kwa jicho kadi ikiwa wazi, wanaona nafasi tele juu ya pambo, wanaongeza kipepeo. Kadi ikifungwa kipepeo kiko nje.

Ikishatokea, usikate kichwa cha pambo kwanza. Tazama kama unaweza kurudisha sanduku karibu na mgongo. Paa la 30 likipunguzwa kuwa 20, na mguu wa sakafuni ukasogezwa kutoka 30 hadi 20, umepata milimita 10 bila kugusa pambo.

Kadi haifunguki yote, au mguu unang'oka kila mtu akiifungua

Kadi ya sanduku imetengenezwa itazamwe ikiwa na pembe mraba, lakini watu hawajui. Bibi harusi anaipokea, anaifungua mpaka inalala bapa mezani, na shangazi naye anafanya hivyohivyo, na wageni wote. Ikilala bapa, ukanda wa sanduku unavutwa ukawa mstari mmoja, na kama uso na paa vikijumlishwa vimepungua hata milimita 1 kuliko umbali kati ya miguu miwili, mguu dhaifu unang'oka. Mara nyingi hung'oka ule wa ukutani.

Ukishang'oka, mtu anaongeza gundi, unang'oka tena na safari hii unaondoka na ngozi ya karatasi. Tiba ni kuupa ukanda pumzi: kata mpya, ongeza milimita 1 kwenye uso na milimita 1 kwenye paa. Kwa kuwa umeongeza pande zote mbili, ile hesabu ya kufunga haivurugiki. Miguu nayo isiwe chini ya milimita 10. Naona mafunzo mengine yanaelekeza milimita 5, sijui wanabandikaje.

Pambo la mbawa linainama, linalala, au limepinda shingo

Pambo la mbawa ni lile lililokunjwa katikati na kubandikwa likiwa na umbo la V juu ya mgongo, bawa moja kila ukurasa. Ndilo linaloinuka kwa kishindo kadi ikifunguliwa yote, na ndilo linalowatesa wanaoanza.

Kama limepinda shingo, yaani limegeukia kushoto au kulia, miguu yake haina pembe sawa na mgongo. Mmoja uko nyuzi 45, mwingine 50. Au ncha ya V haikukaa juu ya mgongo wenyewe bali milimita moja pembeni. Hakuna namna ya kulinyoosha kwa vidole. Bandua mguu mmoja, paka gundi, funga kadi. Ncha ya V iwe na mkato mdogo kati ya miguu miwili, la sivyo karatasi itajikusanya pale mgongoni na kuisukuma kadi ifunguke.

Kama limeinama mbele au nyuma ingawa limekaa katikati, tazama pembe kati ya mkunjo wa katikati wa pambo na ukingo wake wa chini. Pembe hiyo ikiwa nyuzi 90, pambo litasimama wima kadi ikifunguliwa yote. Ikipungua, litainamia upande ambako mbawa zinafunguka. Ikizidi, litaegemea nyuma. Ikipungua mpaka ikalingana na pembe ya mguu na mgongo, pambo halitainuka kabisa, litalala juu ya mgongo kama mgonjwa. Nimeona watu wakilitupa pambo zima kwa kudhani karatasi ni laini, kumbe ukingo wa chini ulikatwa mshazari.

Pambo la mbawa lina ujanja mwingine: kadi ikifungwa, haliendi juu moja kwa moja. Linarudi nyuma kwenye mgongo huku likisogea ndani ya ukurasa. Miguu ikiwa nyuzi 45 na ukingo wa chini ukiwa mraba, pambo la urefu wa milimita 60 linarudi nyuma takriban milimita 42. Ukibandika ncha ya V milimita 30 tu kutoka ukingo wa kadi, kilele chake kitatokea nje. Kwa upande wa pili, jumlisha upana wa bawa moja na urefu wake, zidisha kwa 0.7, jibu ndilo umbali ambao kona ya juu itafika kutoka mgongoni. Bawa la 50 na urefu wa 60 linafika 77. Liko salama.

Mkunjo umepasuka au rangi imechanika

Hapa kuna watuhumiwa watatu, na wawili kati yao unawajua: hukupiga mfuo, au ulipiga kwa kisu kikakata nusu ya unene. Wa tatu ni mwelekeo wa nyuzi.

Karatasi ina nyuzi kama mbao. Ukikunja sambamba nazo, mkunjo unakuja safi. Ukikunja kwa kuzikata, karatasi nene inavunjika na kuonyesha ndevu nyeupe. Kujua nyuzi ziko wapi, pinda karatasi kidogo bila kuikunja, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Upande unaopinda kwa urahisi ndio mkunjo wake unafuata nyuzi.

Karatasi za A4 mara nyingi nyuzi zake hufuata upande mrefu. Ukiikata A4 katikati upate A5 mbili, kisha ukunje kila A5 iwe A6, mgongo wako unafuata nyuzi. Lakini ukiikunja A4 nzima iwe kadi kubwa ya A5, mgongo unakata nyuzi. Ndiyo maana mtu anatengeneza kadi ndogo nzuri kwa miezi, siku akipewa oda ya kadi kubwa zote zinapasuka, naye analaumu duka la steshenari. Kwa kadi kubwa nunua manila ya karatasi nzima, ipime nyuzi, halafu ndiyo ukate.

Kama ni rangi tu iliyochanika na karatasi yenyewe ni nzima, uliza ilichapwa kwa printa gani. Tona ya printa ya leza hukaa juu ya karatasi kama ngozi ya plastiki iliyoyeyushwa, na ngozi hiyo hupasuka ikikunjwa, hasa rangi nzito kama nyeusi na bluu ya usiku. Acha mstari mweupe wa milimita 2 mgongoni kwenye mchoro wako, au chapa kwa wino wa maji. Wino wa maji nao una gharama yake: ukigusana na gundi mbichi unatoka machozi.

Kadi imejipinda kama kigae

Mwaka mmoja wakati wa masika nilikuwa na oda ya kadi 60 za send-off. Nilizibandika koti usiku kwa gundi nyeupe ya maji, nikazipanga mezani wazi ili zikauke vizuri, nikalala na raha zangu. Asubuhi meza nzima ilikuwa imejaa vigae vya paa. Hakuna hata moja iliyolala.

Sababu ni maji. Gundi nyeupe, hii wanayotumia hata maseremala, ina maji mengi. Nyuzi za karatasi zikinywa maji zinavimba kwa upana; zikikauka zinasinyaa na kuvuta kila kilichoshikana nazo. Upande mmoja ukivutwa na wa pili usivutwe, karatasi inapinda. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa yenyewe inaongeza sehemu yake. Rimu iliyoachwa wazi karibu na dirisha wiki nzima haiko kama ilivyotoka dukani.

Siku hizi koti silibandiki kwa gundi ya maji kabisa. Natumia tepu ya pande mbili kuzunguka kingo zote nne na msalaba mmoja katikati. Gundi ya maji naiachia miguu tu, kwa tabaka jembamba linalopakwa kwa kipande cha kadi ngumu. Ukibonyeza mguu na gundi ikatoka pembeni, umezidisha. Kisha kadi inaenda chini ya uzito, si mezani: iwe imefungwa, kati ya karatasi mbili safi, juu yake vitabu vizito au tofali lililofungwa kwa kanga, usiku mzima. Gundi nyeupe hushika ndani ya dakika chache lakini nguvu yake kamili huipata kama baada ya saa 24. Pambo likijaribiwa mapema linahama kidogo, na kuhama kidogo kunaturudisha kwenye ile hesabu ya 70 na 67.

Kadi zilizokwisha kupinda huokoka mara nyingi. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, acha siku moja, kisha zipe uzito siku mbili. Zile 60 zangu niliokoa nyingi kwa namna hiyo. Zilizobaki nilizikata nikazigeuza lebo.

Gundi ya kijiti, ya kuzungusha kama lipstiki, haipindishi karatasi lakini pambo la mbawa litaichoka. Inafaa kubandika maua na majina. Gundi ya moto inashika vizuri, ila kila tone ni uvimbe, na uvimbe ndani ya kadi ni kadi isiyofunga. Supagluu iache kwa viatu; inapenya karatasi na kuacha doa la kung'aa lisilotoka.

Kadi inajifungua yenyewe

Mara nyingi ni mfuo uliopigwa upande usio sahihi. Mfuo ni mtaro, na ule uvimbe unaotokea nyuma ya mtaro ndio unaopaswa kubaki ndani ya mkunjo. Pia tabaka zikizidi, karatasi inasukuma. Uzito wa usiku mmoja unatosha. Ukishindwa, funga utepe. Wateja hudhani ni mapambo.

Kifuko cha kadi ya zawadi

Kadi za zawadi za maduka makubwa, zile za plastiki zilizolipiwa pesa za kununulia bidhaa, zina saizi ileile ya kadi ya benki: milimita 85.6 kwa 54, unene karibu 0.8. Vocha za karatasi zina saizi zake, pima iliyopo mkononi. Na wapo wengi, hasa huku kwetu, wanaotaka kifuko kwa ajili ya noti. Siku hizi pesa inatumwa kwa simu, lakini mtu bado anataka kuingia ukumbini akiwa ameshika kitu. Mteja mmoja aliwahi kuniomba kifuko cha kuwekea karatasi aliyoandika kwa mkono tu: "Nimeshatuma, angalia simu."

Kifuko changu cha kawaida kinaanza na karatasi ya milimita 110 kwa 55. Miguu ya milimita 10 kushoto, kulia na chini inakunjwa kwa nyuma, kona mbili za chini zikikatwa ili zisipandane, na kinachobaki kinachoonekana ni 90 kwa 45. Kadi ikiingia kwa mlalo, milimita 9 zake zinachungulia juu ili mtu apate pa kushika. Kata pia nusu mwezi mdogo kwenye ukingo wa juu, wa kidole gumba.

Kadi ikibana au isipoingia kabisa, karibu kila mara gundi ya miguu imetambaa kwa ndani. Kwa upana wa 90 una nafasi ya milimita 4 tu, na gundi iliyozidi inazila zote. Weka kadi ya benki iliyokwisha muda ndani ya kifuko wakati wa kubandika, ukiwa umeizungushia plastiki nyembamba ili isishikwe, iondoe baada ya dakika tano. Hiyo ndiyo kalibu yako. Mimi yangu ina miaka, imechafuka hata jina halisomeki.

Kadi ikidondoka ukigeuza kifuko, usipunguze upana. Utahama kutoka tatizo moja kwenda jingine. Zungusha mkanda wa karatasi wa milimita 15 kiunoni mwa kifuko, uliobandikwa nyuma tu, uteleze. Njia nyingine ni kuachana na mfuko na kukata vipasuo viwili vya mshazari ambavyo kona za kadi zinaingia, kama picha kwenye albamu za zamani. Vipasuo hivyo vikichanika mwishoni, toboa tundu dogo kwa sindano nene kila mwisho wa kipasuo kabla ya kukata. Mpasuko unaishia kwenye tundu, hauendelei.

Usibandike kadi yenyewe kwa tepu ya pande mbili, hasa juu ya ule utepe wa fedha wa kukwangua. Tepu ikitoka inaondoka na namba. Noti nayo isipigwe stepla wala gundi, inaharibika. Ikae yenyewe ndani ya kifuko kilichopimwa kwa noti hiyo, na mkanda uishike.

Sasa, kifuko kikae wapi? Tamaa ni kukiweka ndani ya kadi, mbele ya pambo, vyote vionekane pamoja. Hapo ndipo kadi nyingi nzuri zinapokufa. Plastiki ile ni ngumu kuliko kila kitu kilichomo. Kadi ikifungwa na kubanwa kwenye bahasha, kingo zake zinachora pambo lililo upande wa pili, na siku ya kufunguliwa moyo unainuka ukiwa na chapa ya mstatili. Uzito wake pia, ingawa ni gramu 5 hivi, ukiwa ukutani unaweza kuiangusha kadi ya karatasi nyepesi. Ukilazimika kukiweka ndani, kiwe sakafuni, kwenye ukingo wa mbele, mbali na mahali pambo linapolala likifungwa. Bora zaidi ni kifuko cha peke yake, kilichokatwa kwenye manila ileile, kikisafiri pamoja na kadi bila kuingia tumboni mwake.

"Ileile" nasema kwa maana yake kamili. Ukinunua manila nyekundu Jumatatu ukarudi Ijumaa kununua nyingine ya kifuko, nyekundu mbili zitaangaliana kama wageni. Rangi hutofautiana kati ya shehena na shehena. Kata kadi na kifuko kwenye karatasi moja, siku moja. Kama umechelewa, usitafute rangi inayokaribia. Chagua rangi tofauti kabisa kwa kifuko, halafu rudia ua au utepe mmoja wa kadi juu yake. Jicho linasamehe tofauti kubwa, ndogo ndiyo inayolikwaza.

Bahasha inabana

Kadi ya A6 inaingia bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162. Hiyo ni kadi bapa. Ya kuchomoza ina tabaka, na ikiongezewa kifuko unene unafika milimita 4 au 5 kirahisi. Ukisukuma kwa nguvu, mgongo unasinyaa kwenye kona na pambo linahama, halafu mteja anakupigia simu akisema kadi imefika mbovu ingawa ilitoka kwako nzima.

Tengeneza bahasha yenye ubavu: badala ya mfuo mmoja kila upande piga miwili, iliyoachana milimita 5. Kadi iingie mgongo ukitangulia chini, mdomo juu, ili mpokeaji asiitoe kwa kuvuta pambo. Kifuko kikae nyuma ya ukuta, upande wa nje, mkanda wake ukiwa umeelekea chini.

Na kabla ya kufunga bahasha ifungue kadi mara moja ya mwisho, mpaka mwisho, kama shangazi atakavyoifungua.